Seli ya Jua Isiyotulia Juani

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, wakiwemo Eric Hoke na Michael McGehee, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo halikuhitaji mitambo mikubwa. Walichukua utando mwembamba wa perovskaiti iliyochanganywa iodini na bromini, wakaumulika kwa mwanga hafifu kuliko wa jua la mchana, kisha wakapima nuru ambayo utando wenyewe uliitoa baada ya kumulikwa. Kabla dakika moja haijaisha, nuru ile ilikuwa imeanza kubadilika. Palizuka nuru mpya, nyekundu zaidi, yenye nishati ya karibu elektroni-volti 1.68, ikazidi kupata nguvu huku ile ya awali ikififia. Mwanga ulipozimwa na utando ukaachwa gizani kwa dakika chache, kila kitu kilirudi kilivyokuwa. Ulipowashwa tena, mambo yakawa yaleyale.

Tukio hilo, ambalo sasa wataalamu huliita athari ya Hoke, lingeweza kubaki jambo la kuwashughulisha watu wa fizikia na kemia peke yao. Lakini perovskaiti iliyochanganywa namna hiyo ndiyo inayotegemewa kuiinua paneli ya sola kupita pale ilipofikishwa na silikoni. Viwanda vimeshaanza kuitengeneza, na haitakuwa ajabu tukiikuta katika maduka ya Nairobi na Kariakoo kama tunavyozikuta paneli za silikoni leo. Hoja yangu ni kwamba kutotulia huku mbele ya mwanga hakutokani na uzembe wa utengenezaji. Kunatoka kwenye shina lilelile la sifa zinazoifanya perovskaiti ipendwe. Kwa hiyo paneli za aina hii tusizipime kwa ufanisi wa siku ya kwanza. Tuzipime kwa umeme zinaoendelea kuutoa baada ya mchana na usiku kupishana juu yake kwa muda mrefu.

Jina la perovskaiti ni la zamani. Mwaka 1839 Mjerumani Gustav Rose alichunguza jiwe lililotoka milima ya Ural nchini Urusi, lenye kalisi, titani na oksijeni, akalipa jina la Lev Perovski, Mrusi aliyekuwa mpenzi wa madini. Baadaye jina likaenea kwa fuwele zote ambazo atomu zake zimejipanga kama za jiwe lile. Ile ya kwenye seli za jua haichimbwi ardhini, hutengenezwa. Katikati pana ayoni ya risasi, madini yaleyale ya betri za magari. Imezungukwa na ayoni sita za jamii ya halidi, yaani klorini, bromini au iodini. Na katika nafasi zinazobaki hukaa ayoni kubwa kuliko ile ya risasi, ya seziamu au ya molekuli ndogo kama methilamoniamu na formamidinamu. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani waliitia fuwele hiyo kwenye seli ya jua wakapata ufanisi wa asilimia 3.8, na seli yenyewe haikudumu, kwa sababu kimiminika kilichokuwamo ndani yake kiliiyeyusha. Mwaka 2012 kundi la Nam-Gyu Park wa Korea Kusini na lile la Henry Snaith wa Oxford yalikiondoa kimiminika kile yakaweka kitu kigumu badala yake, ufanisi ukafika karibu asilimia 10. Leo seli ndogo za perovskaiti zimepita asilimia 26. Silikoni, iliyoanza na asilimia 6 kwenye maabara za Bell mwaka 1954, ilihitaji zaidi ya miaka arobaini kufika karibu na 25.

Kasi hiyo peke yake isingewatikisa watengenezaji wa silikoni, ambao paneli zao zimeshuka bei mno na hupewa dhamana ya miaka 25. Kinachowavuta ni kingine. Kila kitu kinachonasa jua kina kiwango chake cha chini cha nishati ambacho chembe ya mwanga lazima iwe nacho ili ing'oe elektroni, na kiwango hicho huitwa pengo la nishati. Chembe yenye nishati pungufu hupita bure. Yenye nishati nyingi hung'oa elektroni, lakini ziada yake hupotea kuwa joto. Pengo la silikoni ni elektroni-volti 1.12, kwa hiyo mwanga wa kijani na wa buluu, wenye nishati mara mbili ya hapo au zaidi, hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa kuipasha paneli moto. Ndiyo maana silikoni peke yake haiwezi kuvuka takribani asilimia 29.4, hata itengenezwe bila kasoro yoyote. Ukiweka juu yake tabaka jingine lenye pengo kubwa zaidi, tabaka hilo litachukua mwanga wenye nishati kubwa na kuugeuza umeme wa volti kubwa, kisha litaiachia silikoni mwanga mwekundu na ule usioonekana kwa macho. Kampuni ya LONGi ya China ilitangaza mwaka 2023 seli ya matabaka mawili yenye ufanisi wa asilimia 33.9, na mwaka 2024 ikafika 34.6. Hapo silikoni tupu haitafika kamwe.

Tabaka linalofaa kukaa juu ya silikoni linatakiwa liwe na pengo la karibu elektroni-volti 1.7, na hapa ndipo uchanganyaji unapoingia. Perovskaiti ya iodini yenye methilamoniamu ina pengo la karibu 1.6, na iodini yote ikiondolewa ikawekwa bromini, pengo hupanda hadi karibu 2.3. Mwaka 2013 kundi la Sang Il Seok huko Korea Kusini lilionyesha kwamba kwa kubadilisha kiasi cha bromini tu, mtu anaweza kupata pengo alitakalo kati ya hayo mawili, na tando zake zikabadilika rangi kutoka kahawia iliyoiva hadi nyekundu na manjano. Silikoni haimpi mtengenezaji uhuru huo. Anayetengeneza perovskaiti hupima chumvi zake, akaziyeyusha, akazitandaza juu ya kioo na kuzipasha joto la nyuzi 100 hivi, akapata utando wenye unene usiofika sehemu moja ya elfu ya milimita na wenye pengo alilolikusudia. Silikoni yenyewe haiyeyuki mpaka nyuzi 1,414.

Urahisi huo una chanzo, na chanzo hicho ndicho kinachotuhusu. Fuwele inayojipanga kwa joto dogo kiasi hicho ni fuwele ambayo viungo vyake havikukazana sana. Ayoni za iodini na bromini hazijafungwa mahali pake. Popote ayoni moja inapokosekana, jirani yake huweza kuruka akaijaza nafasi ile na kuacha nyingine wazi nyuma yake, na kwa miruko hiyo midogo halidi husafiri ndani ya kitu kigumu, hata katika joto la kawaida la chumbani. Ulaini huu si hasara tupu. Fuwele hizi huvumilia kasoro kwa namna ambayo silikoni haiwezi: nyingi ya dosari zake hazinasi elektroni wala haziuzuii umeme kutoka, na ndiyo sababu seli iliyotandazwa kwa njia nyepesi maabarani inakaribia ubora wa ile iliyosafishwa kwa gharama kubwa kiwandani. Anayetaka fuwele ya kuchanganywa kwa urahisi, kwa joto dogo na kwa bei ndogo, anajikuta amechukua pamoja nayo fuwele inayoweza kuchanganuka kwa urahisi uleule.

Gizani ayoni hizo zinazotembea huelekea kuchanganyika, kwa kuwa mchanganyiko una namna nyingi zaidi za kujipanga kuliko utengano. Mwanga ukiingia, mizani inabadilika. Elektroni zilizong'olewa, pamoja na mashimo yanayoachwa nyuma yake, hutafuta mahali penye nishati ndogo, kama maji ya mvua uani yanavyokimbilia palipobonyea. Utando uliochanganywa hauna uwiano mmoja kila mahali. Kwa bahati tu hutokea sehemu zenye iodini zaidi kidogo, na hapo pengo ni dogo. Chaji hukusanyika pale. Zikishakusanyika, kila iodini inayosogea karibu inazidi kuzipunguzia nishati, kwa hiyo iodini huvutwa kuja na bromini husukumwa kwenda, mpaka panatokea madoa madogo yenye iodini nyingi katikati ya eneo lenye bromini nyingi. Vipimo vya eksirei vya kundi la Stanford viliuonyesha mstari mmoja wa fuwele ukigawanyika kuwa miwili chini ya mwanga, kisha ukarudi kuwa mmoja gizani. Ushahidi huo ni mzito, kwa sababu unathibitisha kwamba kilichohama ni atomu zenyewe, wala si rangi tu.

Msukumo mkuu wa safari hiyo bado unabishaniwa. Mwaka 2017 kundi la Masaru Kuno katika Chuo Kikuu cha Notre Dame lilieleza kuwa tofauti ya mapengo inatosha kuendesha kila kitu, na kwamba kuna kiwango cha mwanga ambacho chini yake utengano hautokei, kwa kuwa chaji ni chache mno kuushinda mwelekeo wa kuchanganyika. Mwaka huohuo kundi la Naomi Ginsberg huko Berkeley lilisisitiza kwamba kila chaji huikunja kidogo fuwele inayoizunguka, na mkunjo huo ndio unaoita iodini. Wengine, akiwemo Prashant Kamat, naye wa Notre Dame, wameweka uzito kwenye mashimo: shimo linaponaswa na ayoni ya iodini huipokonya elektroni, nayo ikishapokonywa hutembea kwa urahisi zaidi. Naona maelezo haya hayapingani sana kama makala za kitaalamu zinavyoyapanga. La kwanza linasema kwa nini utengano una faida, la pili linasema faida hiyo inakuwaje sehemu moja na si nyingine, la tatu linasema ayoni zinapata wapi njia. Yote matatu yanakubaliana kwamba kinachoisukuma fuwele ni mwanga na chaji zake, yaani kazi yenyewe ambayo seli imetengenezwa kuifanya. Uchafu ungeweza kusafishwa na unyevu ungeweza kuzuiwa kwa kioo na gundi, lakini seli ya jua haiwezi kufichwa jua.

Madhara yake kwa umeme yanaeleweka. Madoa ya iodini huchukua sehemu ndogo sana ya utando, lakini kwa kuwa chaji humiminika humo, ndiyo yanayoamua volti ya seli nzima. Mtengenezaji aliongeza bromini ili apate volti kubwa, na chini ya jua seli inajiendesha kana kwamba sehemu ya bromini ile haikuwekwa. Chaji zilizonaswa kwenye madoa hayo pia hupata shida kutoka, na baadhi hupotelea humohumo. Hoke na wenzake waliona kwamba utengano huanza pale bromini inapopita takribani sehemu moja ya tano ya halidi zote. Tabaka la kukaa juu ya silikoni linaangukia karibu kabisa na mpaka huo. Wale wanaotaka kuachana na silikoni na kujenga seli ya perovskaiti juu ya perovskaiti wana mtihani mkubwa zaidi, kwa sababu tabaka lao la juu linahitaji pengo la karibu 1.8, na hapo bromini lazima iwe nyingi.

Wapo wanaosema kwamba jambo linalorudi lenyewe gizani halina haja ya kuogopwa: usiku ukiingia, ayoni zitachanganyika, na asubuhi paneli itaanza upya. Hoja hii ina ukweli nusu. Ni kweli kuchanganyika upya kumethibitishwa mara nyingi. Lakini paneli haiuzi umeme wa usiku. Dakika chache za utengano baada ya jua kuchomoza zinamaanisha kwamba karibu mchana wote seli inafanya kazi ikiwa imeshatengana. Tena si kila kilichohama hurudi. Majaribio ya Notre Dame yameonyesha kwamba iodini iliyopokonywa elektroni inaweza kuutoka utando kabisa, na iliyotoka haina njia ya kurudi usiku. Kuhama na kurudi kila siku nako ni uchakavu. Yapo majaribio ambamo seli za perovskaiti zilichakaa haraka zaidi mwanga na giza vilipopishanishwa kuliko zilipomulikwa mfululizo, na ndiyo maana mwaka 2020 wataalamu wengi wa nchi mbalimbali walipokubaliana, katika jarida la Nature Energy, juu ya taratibu za kupima uimara wa seli hizi, waliongeza jaribio la kupishanisha mwanga na giza ambalo taratibu za zamani hazikuwa nalo. Jua la kweli huchomoza na kuzama, na hapa kwetu karibu na ikweta hufanya hivyo kwa saa kumi na mbili kwa kumi na mbili mwaka mzima.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na lilitoka kwa watu wa ndani. Mwaka 2020 Suhas Mahesh na wenzake, wengi wao wa Oxford, walipima volti inakopotelea katika seli za halidi mchanganyiko wakakuta kwamba sehemu kubwa haisababishwi na utengano. Inapotea kwenye dosari za kawaida, ambako elektroni na mashimo hukutana na kupotea bila kutoa nuru wala umeme. Kwa hesabu yao, kuzirekebisha dosari hizo kungeleta faida kubwa kuliko kuuzuia utengano. Nakubali hesabu hiyo, lakini matumizi yake yana mpaka. Walichopima ni seli za wakati ule, zenye dosari nyingi. Tangu hapo kazi kubwa imefanyika kuziba dosari hizo, na kadiri zinavyozibwa ndivyo fungu la hasara linaloachwa kwa utengano linavyokua. Pia walikuwa wanauliza volti ya seli mpya imekwenda wapi, ambalo ni swali tofauti na la mwenye nyumba, anayeuliza paneli itatoa nini mwaka wa kumi.

Kisha wapo wanaoamini kwamba tatizo limeshatatuliwa, nao wana mambo ya kuonyesha. Mwaka 2016 David McMeekin na wenzake wa Oxford waliondoa methilamoniamu wakaweka mchanganyiko wa formamidinamu na seziamu, wakapata utando wenye pengo la 1.74 na bromini ya asilimia 40 uliotulia chini ya mwanga. Mwaka 2020 kundi lenye McGehee mwenyewe lilitia klorini kama halidi ya tatu, na utando wao wenye pengo la 1.67 haukutengana hata ulipomulikwa kwa mwanga wa jua mara mia. Seli zao za tabaka la juu zilipoteza chini ya asilimia 4 ya nguvu baada ya saa 1,000 za kazi katika joto la nyuzi 60. Haya ni mafanikio ya kweli, na yanastahili heshima. Lakini tuiweke saa 1,000 kwenye kalenda yetu. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki hupata wastani wa kilowati-saa 5 hivi za jua kwa kila mita ya mraba kwa siku, ambazo ni sawa na saa 5 za jua kamili. Saa 1,000 basi ni siku 200. Miaka 25, ambayo mnunuzi wa silikoni ameshaizoea, ni zaidi ya saa 45,000. Paneli za silikoni hupungua nguvu kwa wastani wa karibu nusu asilimia kwa mwaka. Ni kweli upungufu wa perovskaiti huweza kuwa mkali mwanzoni kisha ukapoa, kwa hiyo si haki kuzidisha asilimia 4 kwa miaka yote na kutoa hukumu. Ila si haki vilevile kusema jaribio la siku 200 limejibu swali la miaka 25. Tena kuchanganya seziamu na klorini kumeongeza kizuizi kwenye njia ya ayoni na kupunguza nafasi tupu. Hakukuondoa sababu inayozifanya zitake kutembea. Kilichokuwa kinatokea kwa dakika kinaweza kuwa kinatokea kwa miezi, na tofauti hiyo haionekani mpaka miezi yenyewe ipite.

Joto nalo linavuta pande mbili. Paneli iliyo juu ya bati mchana wa Dodoma au Garissa hupita nyuzi 60 bila shida. Kwa upande mmoja joto huusaidia mchanganyiko, maana ndilo linalozipa ayoni nguvu ya kutawanyika. Kwa upande wa pili huharakisha kila mwendo ndani ya fuwele, na methilamoniamu huanza kuvunjika ikawa gesi. Kipimo cha maabara chenye nyuzi 25 hakiwezi kutuambia upande upi utashinda.

Afrika Mashariki ina sababu ya pekee ya kulifuatilia jambo hili, kwa kuwa imeshawahi kuuziwa paneli isiyotulia juani. Mwaka 1977 David Staebler na Christopher Wronski, watafiti wa kampuni ya RCA huko Marekani, waligundua kwamba silikoni isiyo na mpangilio wa fuwele, ile inayotandazwa nyembamba juu ya kioo, hudhoofishwa na mwanga wenyewe na hurudia hali yake ikipashwa joto la zaidi ya nyuzi 150. Paneli za aina hiyo hupoteza kati ya asilimia 10 na 30 ya nguvu katika miezi ya kwanza, kisha hutulia. Katika miaka ya 1990 ndizo zilizoenea Kenya, ndogo za wati 12 au 14, zikauzwa kwa fedha taslimu kwa familia za vijijini ambazo gridi haikuwa imezifikia. Arne Jacobson, Richard Duke, Daniel Kammen na Mark Hankins walizipima paneli hizo majumbani kwa watu. Walikuta chapa kadhaa zikitoa nguvu iliyokaribia ile iliyoandikwa, na nyingine zikiwa chini yake sana. Mwanga haukuwa sababu pekee, kwa maana kampuni makini zilikuwa zikiandika nguvu ya baada ya kutulia. Lakini mkulima aliyesimama dukani hakuwa na namna ya kuzitofautisha. Nzuri na mbovu zote zilikuwa kioo cheusi chenye karatasi nyuma, na karatasi zote zilisema wati 12.

Kilichosaidia katika fani ile kilikuwa namna ya kupima. Kiwango cha kimataifa cha paneli za tando nyembamba, IEC 61646, kilitaka paneli imulikwe mpaka nguvu yake itulie ndipo isomwe. Perovskaiti inahitaji sharti la namna hiyo, tena kali zaidi. Kiwandani paneli za silikoni hupimwa kwa mwako wa taa unaodumu sehemu ndogo ya sekunde, wati zinasomwa, karatasi inabandikwa. Athari ya Hoke huchukua sekunde kadhaa hadi dakika kujitokeza. Mwako huo utaipiga picha perovskaiti kabla haijaanza kutengana, na karatasi itasema kweli kuhusu sekunde ambayo mnunuzi hataiona kamwe.

Huenda mtu akaona ni ukatili kuidai teknolojia changa uimara wa silikoni yenye umri wa miaka sabini, hasa wakati dunia inahitaji umeme safi haraka. Kampuni ya Oxford PV ilitangaza mwaka 2024 kwamba imeanza kusafirisha paneli za matabaka mawili kwa mteja wa Marekani, zikiwa na ufanisi wa asilimia 24.5, na hizo seli zake hutengenezwa huko Brandenburg an der Havel, Ujerumani. Ni hatua kubwa, na ninaitakia mema. Mteja wa aina ile ana wahandisi, ana mikataba na ana vyombo vya kusoma kila wati inayotoka kila saa. Paneli ikidhoofika atajua wiki hiyohiyo na atadai fidia. Mama aliyeuza mbuzi wawili apate taa na chaji ya simu hana chombo hicho. Kwake hasara itaonekana kama betri inayokufa mapema, na lawama itamwangukia fundi. Teknolojia changa ina haki ya kujaribiwa, lakini gharama ya jaribio haifai kubebwa na mtu ambaye hajui kwamba anajaribiwa. Na risasi iliyomo ndani, ingawa ni kidogo, inaongeza sababu ya kutotaka paneli zinazotupwa baada ya miaka michache.

Mashirika yetu ya viwango, KEBS ya Kenya, TBS ya Tanzania na UNBS ya Uganda, hayana haja ya kusubiri mpaka makontena yafike Mombasa na Dar es Salaam. Yaandike mapema sharti kwamba paneli yoyote yenye perovskaiti isomwe baada ya kumulikwa mpaka itulie, ipitishwe kwenye mizunguko ya mwanga na giza katika joto la nyuzi 60 au zaidi, na nguvu iliyobaki ndiyo ibandikwe nyuma yake. Vyuo vikuu vyetu vina mapaa yenye jua la mwaka mzima na wanafunzi wa fizikia wanaotafuta kazi ya utafiti. Viwekewe seli hizi na vipime vyenyewe, kwa sababu takwimu za Ujerumani na California hazitatuambia paneli inafanyaje Turkana au Kigoma. Na wewe msomaji, siku utakapoonyeshwa paneli mpya yenye ufanisi kuliko zote, omba karatasi ya vipimo uangalie jambo moja: wati zilizoandikwa zilisomwa lini, kabla ya paneli kukaa juani au baada yake. Karatasi isiposema, iache paneli hiyo dukani.